Ngano Hayupo Kikosini

Benchi letu liko ndani ya mlango wa uwanja wa barafu wa Garrow Lake, chini ya kabati la vioo lenye vikombe vilivyochukuliwa enzi zile kiwanda cha mbao kinanguruma usiku na mchana. Ni benchi refu, lakini asubuhi tunakaa watatu tu. Wa kwanza ni Walt Hrynchuk, tunayemwita Mashine kwa sababu ujana wake wote aliendesha ile gari ya kulainisha barafu. Wa pili ni Fernand Pelchat, au Redio, na ukikaa naye kidogo hutauliza jina hilo limetoka wapi. Wa tatu ni mimi, Eino Rautio. Mimi waniita Posta, maana niligawa barua katika mji huu mpaka magoti yakakataa. Mbele yetu ni kibanda cha kahawa cha Rolande Thibeault, mjane, ambaye hutumiminia bila kuagizwa na hutunyamazisha tukizidisha. Machi ile theluji ilikuwa bado inagusa madirisha, na sisi tulikaa pale kama watu waliofiwa.

Tajiri wa timu alikuwa ametangaza kwamba msimu ukiisha Wapasua Mbao wanahamishiwa kusini, kwenye mji wenye ukumbi mpya na watu wa kuujaza. Hakuja mwenyewe kutuambia. Tulisikia redioni, katikati ya hali ya hewa na bei ya mafuta. Wapasua Mbao ni timu ya vijana ya hoki ya barafuni, wote chini ya miaka ishirini na moja, wanaotoka kila pembe ya Kanada kutafuta njia ya kupanda juu. Kwetu lakini walikuwa ndio mji wenyewe. Kiwanda kilifungwa, tukasema hoki ipo. Treni ya abiria ikasimamishwa, tukasema hoki ipo. Sasa hatukuwa na la kusema, ila jambo moja: timu ilikuwa bado kwenye mtoano, nusu fainali, na kadiri inavyoshinda ndivyo inavyoendelea kuwa yetu.

Tulipangiwa timu ya Brennick. Wa kwanza kushinda mechi nne ndiye anayesonga. Ya kwanza tulipoteza, ya pili na ya tatu tukashinda, na katika hiyo ya tatu ndipo Ngano alipogongwa.

Ngano ni Kolton Wiebe, nahodha. Tulimpa jina hilo siku aliyofika kwa sababu kwao ni mashamba ya ngano huko Manitoba, na nywele zake nazo ni za rangi hiyohiyo. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye tabia ya kuwasalimia wazee kabla ya kusalimiwa. Vijana wa mbali hulala kwenye nyumba za wenyeji, na Ngano alikuwa akilala kwa Rolande. Yule beki wa Brennick alimbamiza ukutani, kofia yake ngumu ikagonga kioo, tukasikia mlio mpaka kwenye viti vya juu. Lakini Ngano aliinuka, akatoka kwa miguu yake mwenyewe, akainua gongo kutupungia. Tukaenda zetu nyumbani tukifurahia ushindi.

Mechi ya nne, Ngano hayupo kikosini. Tukafungwa. Ya tano, hayupo, tukafungwa tena. Timu ilitoa taarifa ya mstari mmoja: nahodha ana maumivu sehemu ya juu ya mwili.

Asubuhi iliyofuata mechi ya tano, Redio alikuja na taarifa ile kichwani kama mtu aliyetukanwa.

— Sehemu ya juu ya mwili, alisema. Kuanzia kiunoni kwenda juu. Hapo kuna moyo, kuna mapafu, kuna kidole gumba. Wanatuambia nini hasa?

— Wanatuambia tusiulize, nikamjibu.

— Basi mimi nawaambia. Kijana mzima. Tajiri kamwambia akae, asije akaumia kabla ya kwenda kusini. Wanamtunza kama kuku wa sikukuu.

Mashine alikunywa kahawa yake taratibu, akasema hilo ni dogo. Kwa maelezo yake tajiri alikuwa anataka tufungwe makusudi. Timu ikitolewa mapema, watu wanakata tamaa, hakuna wa kuandamana, malori yanapakia kimyakimya. Akasema hata barafu yenyewe imechezewa. Aliigusa kwa kiganja asubuhi ile, akaona ni laini, ina jasho, na barafu laini inawachosha vijana wenye mbio kama wetu.

— Brennick nao wanateleza kwenye barafu hiyohiyo, Walt, nikamwambia.

— Brennick ni wazito. Wazito wanapenda barafu laini.

Redio hakukubali kupitwa. Akaunganisha barafu na refa, refa na shemeji yake, shemeji na kampuni inayojenga ukumbi kule kusini. Kufikia kikombe cha pili alikuwa amefika kwa waziri fulani ambaye hakumtaja jina. Kisha akarudi kwa Ngano, akasema labda kuna binti nyuma ya hili, na kijana akipenda hoki inakuwa basi tena, kuwa nahodha au kutokuwa nahodha.

Rolande alikuwa anafuta kaunta. Nilimwona anafuta pale pale, mahali palipokwisha kung'aa zamani. Kisha akaacha kitambaa.

— Yuko nyumbani kwangu, Fernand. Yuko chumba cha chini. Nimeziba dirisha kwa blanketi kwa sababu mwanga unamuumiza.

Rolande akatueleza, kwa sauti ya chini, kama mtu asiyetakiwa kueleza. Kijana alikuwa akitapika usiku. Alikuwa akianza sentensi na kuiacha njiani. Juzi alitia chumvi kwenye chai, akainywa yote bila kugundua. Daktari alisema ubongo umetikisika, alale, asiangalie hata simu, na asikanyage barafu mpaka aseme yeye daktari. Rolande alitaka kumpigia mama yake huko Manitoba, lakini Ngano alimwomba sana asimpigie, atazungumza naye mwenyewe.

— Kwa hiyo hayo mambo ya waziri na binti muyaache, akamaliza.

Tuliyaacha. Tulikaa tukisikiliza mitambo ya kupozea barafu ikivuma nyuma ya ukuta. Redio aligeuza kikombe chake mara kadhaa, akauliza, kwa adabu ambayo si yake:

— Daktari hakutaja siku?

— Hakutaja.

— Maana mechi ya sita ni Jumamosi.

Rolande alimtazama, akaingia ndani.

Mashine hapo akaanza habari za zamani. Alipokuwa kijana alichezea kiwanda akiwa na pua iliyovunjika, na mwaka mwingine akiwa na mbavu zilizofungwa kwa kamba ya mizigo. Hakuwa anajigamba. Nadhani alikuwa anajituliza. Rolande alimjibu akiwa huko huko ndani.

— Hiki ni kichwa, Walt. Si pua.

Ijumaa mji mzima ulikuwa umetundika mashuka ya kijani, rangi ya timu, kwenye vibaraza. Mwokaji alichora namba ya Ngano kwenye mikate yake. Mchungaji aliiombea timu bila kuitaja, ila kila mtu alielewa. Na asubuhi hiyo hiyo, tukiwa kwenye benchi, mlango ukafunguliwa, Ngano akaingia.

Alivaa miwani ya jua, na nje kulikuwa na mawingu. Alikuwa amepungua. Alisimama kidogo pale mlangoni kama anayekumbuka alichofuata, kisha akatuona, akatabasamu, akasalimia wa kwanza kama kawaida yake.

Tukasimama. Sijui nani alitangulia. Wazee watatu tulisimama mbele ya benchi letu tukapiga makofi, na wale waliokuwa wanasubiri watoto wao wafunge viatu vya barafu nao wakapiga makofi. Ngano aliona haya, akainamisha kichwa.

— Unaonekana vizuri, mwanangu, Redio akamwambia. Mimi nasema kweli, unaonekana vizuri.

Mashine akasema rangi imemrudi usoni. Mimi nilimpa mkono. Mkono wake ulikuwa wa baridi na umelowa. Nikamwambia, tutaonana kesho, nahodha.

— Nadhani mtaniona, akasema.

Alipopita kwenye kaunta aliishika ukingoni, akaishikilia muda mrefu kuliko mtu anayepita tu. Rolande alinyoosha mkono kama anayetaka kumshika bega. Kisha akaurudisha, akamimina kahawa ambayo hakuna aliyeiagiza. Ngano akaenda chumba cha kocha. Baadaye tulisikia kocha alimuuliza anajisikiaje, akajibu anajisikia vizuri, na jambo likaishia hapo.

Jumamosi nilikwenda mapema na bado nilikosa kiti changu. Watu waliohama mji zamani walirudi. Niliona vijana niliowapelekea barua za shule, sasa wana upara. Taa zilipozimwa na timu ikaingia, Ngano akiwa mbele, sauti iliyotoka mle ndani sijapata kuisikia tena. Niliutazama umati na kusema moyoni, hii ndiyo Garrow Lake, ipo hai, waje waihamishe kama wanaweza.

Hakucheza vizuri. Lazima niseme hivyo. Pasi zilimpita, alichelewa kugeuka, mara moja alikwenda kukaa kwenye benchi la Brennick, watu wakacheka wakidhani ni utani. Lakini mechi ilikwenda muda wa nyongeza, mbili kwa mbili, na kile kisahani cheusi cha kuchezea kikarudi kutoka ukutani kikamkuta amesimama peke yake mbele ya goli. Alikipiga kwa mazoea tu, mikono ikifanya yenyewe. Kikaingia.

Mashine alilia. Redio alimkumbatia mtu wa Brennick asiyemjua. Mimi nilipiga kelele mpaka sauti ikakatika, na asubuhi yake sikuweza hata kusalimia, nikawa napunga mkono tu.

Asubuhi hiyo ilikuwa ya raha kweli. Mechi tatu kwa tatu. Redio alikuwa ameshatufikisha fainali, na kutoka fainali akamfanya tajiri aone aibu, abadili mawazo, abaki. Alisema ushindi huu utasomwa kwenye magazeti ya Toronto, na mtu mmoja mwenye fedha atasema hapana, timu hii haiondoki. Kila kitu kilikuwa kinawezekana asubuhi ile. Rolande alitumiminia wote, kisha akabaki amesimama na birika mkononi.

— Jana nilimrudisha nyumbani kwa gari, alisema. Tulipofika kwenye taa za barabarani akaniuliza nani ameshinda.

Redio alicheka. Akasema huyo kijana ana utani wa chinichini, watu wa mashambani ndivyo walivyo. Mashine naye akacheka kidogo. Rolande hakucheka, wala hakuendelea. Akarudisha birika mahali pake.

Mechi ya saba ilikuwa Brennick, mwendo wa nusu siku kwa basi, na barabara ilikuwa mbaya, kwa hiyo tuliitazama pale pale uwanjani kwetu, kwenye televisheni iliyo juu ya kibanda cha kahawa. Watu walileta viti kutoka nyumbani. Rolande hakuuza kitu. Alikaa nasi kwenye benchi, mwisho kabisa, koti akiwa amelifunga mpaka shingoni kama anayetaka kutoka.

Ilikuwa kipindi cha pili. Ngano alikuwa anakwenda zake pembeni bila kisahani, na kijana mmoja wa Brennick akamsukuma kwa bega. Ulikuwa msukumo wa kawaida, wa aina ambayo mchezaji huipata mara kumi kwa mechi na kuisahau. Hata refa hakupuliza. Ngano alianguka ubavu, gongo likateleza mbali naye, na hakuinua mkono kulitafuta.

Tulisubiri ainuke. Mtangazaji naye alisubiri, akawa anazungumzia idadi ya mashabiki. Kisha kamera ikahamishwa ikaonyesha paa la ukumbi, na hapo ndipo Rolande alipoinuka akatoka nje kwenye theluji bila glavu. Mechi iliendelea baada ya muda. Tulifungwa tatu kwa moja. Ukiniuliza nani alifunga sikumbuki, na sijamsikia mtu mwingine anayekumbuka.

Walimpeleka kwa ndege hospitali kubwa ya kusini. Wakafungua fuvu kuondoa damu iliyokuwa imejikusanya. Aliamka baada ya siku kadhaa, akamtambua mama yake, na habari hiyo ilipofika watu walikumbatiana mbele ya duka la dawa. Habari nyingine zilikuja taratibu, moja moja. Maneno yanamtoka kwa shida. Hawezi kufumba mkono wa kushoto. Hoki, hapana, daktari hakutaka hata kuulizwa. Katikati ya hayo yote malori ya tajiri yalikuja yakabeba magongo, jezi, hadi mashine ya kunolea vyuma vya viatu vya barafu, na hakuna aliyetoka kwenda kuyazuia.

Sisi tulirudi benchini. Tungekwenda wapi? Asubuhi za kwanza tulikaa kimya, lakini Redio hawezi kukaa kimya siku nyingi, na kusema kweli tulikuwa tunamhitaji. Akaanza na yule kijana wa Brennick, kwamba alitumwa. Mashine akasema ni barafu ya Brennick, wanaichanganya na kitu, ndiyo maana ni ngumu kama saruji. Redio akasema kofia za timu zilinunuliwa za bei rahisi, tajiri alishajua anaondoka, kwa nini anunue nzuri. Kutoka hapo akapanda hadi ligi, kutoka ligi hadi wale wa bima. Aliongea kwa nguvu, akihesabu kwa vidole. Mimi nilikuwa naitikia. Ilikuwa inasaidia, kusikia kwamba ni watu wengi hivyo, wa mbali hivyo.

Hatukumwona yule mama akiingia. Tulipogundua, alikuwa ameketi mwisho wa benchi, pale ambapo siku hizi hakai mtu, na kikombe cha kahawa mkononi. Alikuwa mwanamke wa makamo, koti la kazi, nywele zimefungwa nyuma. Miguuni pake kulikuwa na begi la kijani lenye namba tuliyoijua. Rolande alikuwa amesimama nyuma ya kaunta na macho mekundu, na hakutupa ishara yoyote.

Redio ndiye wa mwisho kuliona begi. Alikata neno katikati.

— Endelea tu, yule mama akasema. Nilikuwa nasikiliza.

— Samahani, mama, Redio akasema. Hatukujua.

— Mimi ni Darla. Mama yake Kolton. Nimekuja kuchukua vitu vyake, basi langu bado kidogo.

Mashine alivua kofia. Tulimpa pole kila mmoja kwa namna yake, na alizipokea vizuri, akitutazama usoni. Akatuambia kijana anakula sasa. Akatuambia Kolton alikuwa akimsimulia habari zetu kila Jumapili kwenye simu, wazee wa mlangoni, kwa majina yetu ya utani, na kwamba yeye na mumewe walikuwa wakicheka sana. Akamgeukia Redio, akamwambia, wewe lazima ndiye Redio. Redio akatikisa kichwa kukubali.

Kisha akaweka kikombe chini.

— Kuna jambo moja nataka kuliuliza, na sina ugomvi na mtu. Alinipigia ile Ijumaa. Nikamwambia, Kolton, usicheze kama kichwa bado. Akaniambia, mama, usijali, wameshaniambia nimepona. Daktari wake nimezungumza naye, anasema hakumwambia hivyo. Kocha anasema alimuuliza tu.

Akatutazama, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayeuliza njia.

— Nani alimwambia amepona?

Mitambo ilikuwa imezimwa tangu malori yaondoke, kwa hiyo palikuwa kimya kabisa mle ndani. Niliutazama mkono wangu wa kulia uliokuwa juu ya goti. Mashine alikuwa anazungusha kofia yake. Redio alifungua mdomo, akaufunga. Rolande aligeuka akatupa mgongo.

Darla alisubiri. Alitupa muda wa kutosha, hilo nitamshuhudia. Alikuwa anataka kujua tu, na alidhani kuna mtu mmoja, mwenye jina, ambaye tungeweza kumtaja.

Basi likapiga honi nje. Akasimama, akafunga koti. Mashine aliinuka haraka, magoti yake yakalia, akainama kulichukua lile begi.

— Hapana, Darla akasema. Acha nibebe mwenyewe.